Jini Hashitakiwi: Jawabu kwa Wakosoaji wa Tamthilia za Ajabu

Katika mji wa Tanga, na katika vijiji vilivyopangana ufuoni kutoka Moa mpaka Pangani, hakuna tamthilia ya runinga izungumzwayo kwa muda mrefu baada ya kwisha kwake kama ile yenye jini ndani yake. Mchezo wa mapenzi husahauliwa kabla ya chai ya asubuhi. Mchezo wa wezi na askari huchekwa, kisha ukaachwa. Lakini mchezo wa jini, wa mzimu, au wa mtu ageukaye nyoka huwafuata watu sokoni, barazani, katika daladala, na hata katika vyumba vyetu vya mihadhara. Wasemao ni wengi, lakini maneno yao ukiyapepeta hubaki mafungu matatu. Fungu la kwanza husema kuwa michezo hii ni dhambi. Fungu la pili husema kuwa ni ushamba. Fungu la tatu husema kuwa ni kweli tupu, na mwenye shaka aende akaulize wazee. Nimekusudia kuyapinga mafungu yote matatu, kila moja kwa kadiri ya kosa lake. Kisha nitaleta shitaka jingine ambalo yote matatu yamelisahau. Shitaka hilo ni zito kuliko hayo yao, na mshitakiwa wake si jini.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi viumbe hawa walivyoingia sebuleni. Runinga si kitu cha kale kwetu. Zanzibar ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1974. Tanzania Bara ilingoja miaka 20, mpaka vituo vya watu binafsi vilipofungua milango mwaka 1994. Baadaye wenyeji wakazoea maigizo ya kikundi cha Kaole katika ITV. Mwanzoni mwa karne hii Mussa Banzi akatoa filamu za kutisha za Nsyuka na Shumileta, hii ya pili mwaka 2005, yenye kisa cha jini wa kike aliyempenda binadamu. Ikaja tamthilia ya Jumba la Dhahabu, na mwigizaji Miriam Jolwa akatoka humo na jina la Jini Kabula, jina ambalo watu waliendelea kumwita hata alipokuwa amevaa nguo zake mwenyewe na kusema maneno yake mwenyewe. Kutoka India ikaja Naagin, iliyoanza huko mwaka 2015, habari ya mwanamke nyoka alipizaye kisasi, ambayo sinema za Kihindi zilikwisha kuisimulia kwa namna zao katika Nagin ya 1976 na Nagina ya 1986. Kutoka Marekani ikaja Game of Thrones, iliyodumu kuanzia 2011 mpaka 2019, pamoja na majoka yake yatemayo moto na maiti zake zitembeazo. Mapema mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Tanga. King'amuzi kikawa chombo cha nyumbani kama jiko, na baada ya king'amuzi ikaja simu. Asiye na vyote viwili ana kibanda umiza, ambako kwa fedha kidogo mtu huketi juu ya benchi na kuogopa pamoja na wenzake. Basi hatuzungumzi juu ya jambo la pembeni. Tunazungumza juu ya hadithi ambazo watu wetu wengi wanazipokea kila siku kuliko wanavyopokea kitabu chochote.

Sasa tulisikilize fungu la kwanza. Hawa ni watu wa dini, na ni wajibu kuwajibu kwa adabu, kwa sababu hofu yao ina asili njema. Wanasema kuwa kumwonyesha jini ni kumtukuza, na kumtukuza ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Nawauliza: je, kutaja ni kutukuza? Kurani Tukufu ina sura nzima, ya 72, iitwayo kwa jina la majini. Mwislamu haambiwi kuwa majini hawapo. Anaambiwa asiwaombe, asiwategemee, wala asiwaogope kuliko Muumba wao. Tofauti kati ya kusimulia habari za kiumbe na kumwabudu kiumbe ni kubwa kama tofauti kati ya kuchora moto na kuchoma nyumba. Mama zetu waliotusimulia hadithi za majini kabla ya usingizi walitufundisha pia kusema bismillahi kabla ya kula, na mambo haya mawili hayakugombana katika vifua vyetu.

Hata hivyo fungu hili lina neno moja ambalo halijibiki kwa urahisi, nami silipingi. Wanalalamika kuwa katika michezo mingi dini huletwa mwishoni kama dawa ya kikohozi. Jini ametesa nyumba kwa muda wa vipindi 20. Ghafula huingia mtu mwenye kanzu na tasbihi, au mchungaji mwenye koti na sauti kubwa, hupaza sauti kwa dakika mbili, moshi hufuka, na jini hukimbia. Hakuna aliyetubu, hakuna aliyerudisha alichoiba, hakuna aliyeomba radhi. Hapo mlalamikaji ana haki kabisa. Lakini atazame vizuri alilolikamata. Lililomuudhi si kuwapo kwa jini, bali ni kukosekana kwa toba. Neno hili tuliweke akiba, kwa maana tutalihitaji mbele.

Fungu la pili ni letu sisi wenyewe: walimu, wanafunzi, wenye shahada na wenye kuzitafuta. Hawa nitawajibu kwa ukali zaidi, kwa sababu wao wamesoma na hawana udhuru. Wanasema kuwa dunia imekwenda mwezini nasi tungali tukiogopa mibuyu. Kuwa michezo ya majini inaturudisha nyuma. Kuwa mtu mwenye elimu haoni haya kukiri kuwa ametazama Game of Thrones mpaka alfajiri, lakini ataona haya kukutwa akitazama jini wa Kiswahili saa tatu ya usiku. Joka la huko ni ubunifu. Jini wa huku ni ushirikina. Maiti itembeayo katika theluji ni sanaa; maiti itembeayo katika minazi ni ujinga. Nani aliyetupa mizani hii?

Na tuifungue mitaala yetu. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari. Ndani ya mchezo huo mzuka wa Kaizari aliyeuawa unamtokea Brutus hemani kabla ya vita. Je, alikuwako mtu aliyesema kuwa Rais anaeneza ushirikina? Mwaka 1968 S. S. Mushi akatupa Makbeth kwa Kiswahili, na mlango wa mchezo ule unafunguliwa na wachawi watatu. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatupa Kinjeketile, mtu aliyechukuliwa na mzimu wa Hongo, na mwaka 1971 akatupa Mashetani, ambamo shetani na binadamu husimama wakakabiliana, na msomaji hutambua kuwa shetani yule ana sura ya ukoloni. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed akamfufua babu katika Babu Alipofufuka, aje kumsuta mjukuu wake aliyenenepa kwa mali ya umma. Kezilahabi katika Nagona na Mzingile alikwisha kuivunja mipaka ya walio hai na wafu mapema kuliko hapo. Vitabu hivi tunavifundisha. Tunavitungia maswali ya mtihani. Tumevitafutia hata jina la heshima, tukaviita uhalisiajabu, na wanafunzi huandika tasnifu juu yake. Lakini jini akitoka kitabuni akaingia katika runinga, heshima yake humwishia mlangoni.

Naam, mtaniambia kuwa Hussein alikuwa na maana, na mtunzi wa tamthilia hana. Vema! Basi hukumu yenu si juu ya jini tena, bali ni juu ya maana. Mmekwisha kukubali kuwa jini katika mkono wa mtu mwenye akili ni chombo cha kusemea kweli. Lililobaki ni kuuliza ni nani mwenye akili na nani asiye nayo, na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu ambaye hajatazama. Mhakiki ahukumuye mchezo asiouona ni sawa na kadhi akataye hukumu kwa uvumi.

Nasema pia, na hili linatuuma sisi watu wa Tanga, kuwa dharau hii ina mwelekeo wake. Mtunzi wa mji mkubwa akitaka mganga, humpa lafudhi yetu. Akitaka mwanamke wa kumroga mume, humvisha kanga na baibui, kisha humtaja Tanga au Pemba, na watazamaji hucheka kwa kuwa wameambiwa tangu zamani kuwa huko ndiko kwenye mambo. Mji uliomlea Shaaban Robert na uliomwimbisha Shakila umefanywa ghala la hirizi. Dhihaka hii huvumiliwa na wasomi wale wale wanaosema kuwa wanachukia ushirikina.

Fungu la tatu ni la watazamaji wenyewe, wale wa barazani na wa vibanda umiza. Wasomi huwadharau kuliko wote, nami nawaheshimu kuliko wote, ingawa sikubaliani nao katika shina la maneno yao. Wanasema: haya ni kweli. Wana mapango ya Amboni karibu nao, ambamo watu huingia kwa sadaka na nadhiri mpaka leo; wana makaburi ya Tongoni yenye nguzo, ambayo hakuna mtoto apendaye kuyapita magharibi. Kwao jini si fumbo la ukoloni. Ni jirani asiyeonekana. Nami nawaambia kuwa ukweli wa jini hauwezi kuwa kipimo cha mchezo. Kama jini yupo, kuwapo kwake hakuufanyi mchezo mbovu kuwa mzuri. Na kama hayupo, kutokuwapo kwake hakuufanyi mchezo mzuri kuwa mbovu. Hakuna aliyeisoma Kusadikika akauliza njia ya kwendea huko.

Lakini wasikilizeni watu hawa wanapobishana baada ya mchezo! Kazi zetu za uhakiki zingekuwa na heri kama zingekuwa na nusu ya ukali wao. Nimewasikia Ngamiani wakimkataa jini mmoja kwa hoja tatu zilizofuatana. Ya kwanza, kuwa jini yule alifunga ahadi na binadamu, kisha akaivunja bila ya sababu, ilhali jini hujulikana kwa ahadi yake, na avunjaye ahadi siku zote ni mwanadamu. Ya pili, kuwa aliingia katika nyumba ambayo hakuitwa wala hakuudhiwa. Ya tatu, kuwa aliweza kufanya kila kitu katika kipindi cha kwanza, na katika kipindi cha mwisho hakuweza kufungua mlango. Haya si maneno ya washirikina. Ni maneno ya watu wanaodai kuwa kila ulimwengu, hata ulimwengu wa uongo, uwe na sheria zake. Mtu mmoja aliyafunga maneno yote kwa kusema kuwa jini huyu hana kisa. Sijui tafsiri bora zaidi ya kanuni tunazowasomesha wanafunzi kwa mihula miwili.

Kwa kanuni hiyo hiyo watu hawa waliipenda Naagin. Wasomi walidhani kuwa walivutwa na sarafu za dhahabu katika nguo na macho yabadilikayo rangi. Sivyo. Katika msimu wake wa kwanza mwanamke nyoka ana wazazi waliouawa, ana wauaji anaowatafuta mmoja mmoja, na ana moyo unaomsaliti kwa kuwa unampenda mtu wa nyumba ya adui. Ana kisa. Mchezo ule una ziada nyingi na upuuzi mwingi, lakini mtazamaji wa Pangani anajua kwa nini nyoka anauma. Katika michezo yetu mingi nyoka huuma kwa sababu mwongozaji ameambiwa kuwa watu wanapenda nyoka.

Sasa nimefika katika shitaka langu. Mafungu yote matatu yamekesha yakibishana juu ya jini, na katika kona ya chumba ameketi mtu ambaye hakuna aliyemwuliza neno. Mtu huyo ni kikongwe.

Tazameni muundo wa tamthilia zetu za namna hii. Msitazame moja tu, tazameni kumi. Nyumba ina heri, kisha heri inatoweka. Mtoto anaugua, biashara inaanguka, mimba inatoka, bwana anaacha kulala nyumbani. Mpiga ramli anaitwa, au ndoto inaotwa, na ufunuo unakuja. Aliyeleta jini ni mama mkwe. Kama si mama mkwe ni shangazi. Kama si shangazi ni jirani mjane asiye na watoto, mwenye mgongo uliopinda, akaaye peke yake na paka. Ushahidi dhidi yake ni uzee wake. Hupewa dakika moja ya kucheka kicheko kibaya, kisha hufa, au hufukuzwa, au huwaka moto, na katika picha ya mwisho familia huketi mezani ikala. Kumbe wakati wote huo bwana wa nyumba alikuwa amemdhulumu mshirika wake fedha. Kijana alikuwa amemtelekeza msichana mwenye mimba. Ndugu walikuwa wamemnyang'anya yatima kiwanja. Tumeyaona hayo yote kwa macho yetu katika vipindi vya mwanzo. Lakini jini alipoingia, makosa hayo yalitoka kwa mlango wa nyuma, na yule ambaye hakudhulumu mtu ndiye aliyeyalipa.

Mtaniambia kuwa huo ni mchezo tu. Ningependa iwe hivyo. Lakini tunaishi katika nchi ambayo mamia kwa mamia ya wanawake wazee wameuawa, hasa katika mikoa ya Ziwa, kwa kuwa majirani waliwaita wachawi. Na katika mauaji mengi dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni wa miaka 50 ulikuwa umeyaunguza. Tunaishi katika nchi ambayo watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, mpaka serikali ikatangaza mwezi Januari 2015 kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ya Uchawi imo katika vitabu vyetu tangu mwaka 1928, nayo haikuwaponya wazee hao. Sisemi kuwa tamthilia ndizo zilizowaua. Wazee walianza kuuawa kabla ya Bara kuwa na kituo cha runinga hata kimoja, na mwenye panga ana jina lake na hatia yake. Nasema hivi tu: kuwa hukumu itolewayo usiku na jirani mwenye panga, na hukumu itolewayo na mtunzi katika kipindi cha mwisho, ni hukumu moja. Zote mbili humtia mtu hatiani kwa sura yake, kwa upweke wake na kwa umri wake. Zote mbili hazimsikilizi. Na ile ya pili hupigiwa makofi sebuleni, mbele ya watoto, na labda mbele ya bibi yao.

Hapa ndipo ninapowarudisha nyumbani, kwa mwandishi aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Shaaban Robert hakuogopa ajabu. Mwaka 1951 alituonyesha nchi ya Kusadikika, inayoelea angani. Kuna ajabu kuliko hiyo? Lakini katika nchi ile ya hewa anasimama mshitakiwa, Karama, mbele ya mfalme na mawaziri wake, na mwandishi anampa nafasi ya kusema. Anasema siku baada ya siku. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na faida wakalipwa kifungo. Kitabu karibu kizima ni utetezi wa mshitakiwa. Hivyo nchi ambayo haipo ilimpa mtu wake haki ambayo tamthilia zetu, zilizopigwa picha katika nyumba zilizopo na mitaa iliyopo, hazijampa kikongwe hata mara moja.

Mwaka 1952 akatupa Adili na Nduguze, na humo majini wamo waziwazi. Ndugu wawili wa Adili wamegeuzwa manyani, na Adili ameamriwa awapige kila usiku. Kwa nini? Si kwa sababu ya uzee wao, wala umaskini wao, wala macho yao. Ni kwa sababu walimtupa ndugu yao baharini kwa wivu. Jini katika kitabu kile hakuja kuficha dhambi ya binadamu. Alikuja kuifichua na kuitoza. Na aliye mkubwa katika hadithi si jini mwenye nguvu za kugeuza watu, bali ni Adili, ambaye hupiga kwa kuamriwa na kulia kwa huruma, na mfalme Rai, ambaye anaingia kati ili adhabu iwe na mwisho na wakosaji warudi kuwa watu. Hiyo ndiyo toba ambayo watu wa dini walikuwa wakiitafuta katika moshi wa kipindi cha mwisho. Hicho ndicho kisa ambacho watu wa barazani walikuwa wakikidai. Na hiyo ndiyo maana ambayo wasomi walisema haipatikani kwa majini.

Hata katika Makbeth mambo ni hayo hayo. Wachawi watatu wamesema maneno yao na wamekwenda zao. Aliyeshika jambia ni Makbeth, na aliyekatwa kichwa ni Makbeth. Shakespeare aliishi katika zama ambazo vikongwe wa Ulaya walikuwa wakinyongwa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na hata hivyo katika mchezo ule hakuwapa wachawi deni la muuaji.

Watunzi na wasanii wana jawabu lao, nami nimelisikia. Husema kuwa watazamaji ndio watakao hivyo. Kuwa fedha ni chache na siku za kupiga picha ni chache kuliko fedha. Kuwa joka la Marekani hugharimu mali ambayo hawataiona maisha yao, lakini kikongwe huhitaji kanga mbovu na unga usoni. Jawabu la fedha nalikubali kuwa ni la kweli, na ni aibu yetu kuwa wasanii wanafanya kazi katika hali hiyo. Lakini kumpa mshitakiwa nafasi ya kujitetea hakuhitaji fedha. Kumfanya mdhulumu arudishe kiwanja cha yatima hakuhitaji mashine kutoka ng'ambo. Kisa ni mali isiyonunuliwa. Hutungwa na mtu aliyekaa na kalamu akafikiri. Na jawabu la watazamaji silikubali kabisa, kwa sababu nimewasikia watazamaji wenyewe wakidai ahadi, sababu na sheria. Hawakudai kikongwe. Wamepewa kikongwe kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na hana wa kumtetea, na ndivyo wanavyopatikana vikongwe vijijini pia.

Wengine, wakiisha kusikia haya, hukimbilia dawa ya haraka: Bodi ya Filamu ikataze. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 ipo, wanasema, na itumike. Mimi sitii mkono wangu humo. Ukipiga marufuku majini, huna budi kuipiga marufuku Adili na Nduguze. Na ukipiga marufuku wachawi, Makbeth atoke madarasani pamoja na Kinjeketile. Mkasi hauna macho. Hukata kilicho mbele yake, na mara nyingi kilicho mbele yake ni kazi ya mtu jasiri, kwa maana kazi ya mwoga haivuti mkasi. Tamthilia mbovu haiuawi kwa amri. Huuawa kwa tamthilia bora, na kwa uhakiki usioona haya.

Uhakiki huo ni kazi ya nani kama si yetu? Tumeandika juu ya vina na mizani, juu ya dhamira na wahusika wa vitabu ambavyo vimesomwa na wanafunzi wachache waliolazimishwa na mtihani. Hadithi zinazotazamwa na watu wote tumeziachia mabaraza. Nawataka wanafunzi wa Kiswahili, wa hapa pwani na wa kwingineko, waketi mbele ya michezo hii na daftari, bila ya kejeli na bila ya ushabiki, na kwa kila mchezo waulize maswali matatu. Jini huyu ana sheria gani, na je, anaifuata? Ni nani mwenye hatia ya kweli katika hadithi hii, na je, ndiye aliyelipa? Na aliyelaumiwa, je, alisikilizwa? Swali la kwanza ni la watu wa barazani, la pili ni la watu wa dini, na la tatu ni la Karama. Mchezo utakaoyajibu yote matatu vema, nitauweka juu ya rafu pamoja na vitabu vya Hussein, hata kama moshi wake ni wa ubani wa shilingi mia na manyoya ya jini wake yanabanduka.

Na mchezo utakaoshindwa katika swali la tatu tuukatae hadharani, kwa jina lake, hata kama umepigwa picha vizuri, hata kama ngoma zake zinatetemesha mwili, hata kama mtunzi wake ni rafiki yetu. Jini tumwache aingie na kutoka apendavyo. Ana milango yake, na hakuna mahakama inayomkamata. Kikongwe ana mlango mmoja tu, wa mabati, nao haumzuii mtu.